Lazima Yangu na Mfereji Wake

Msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia mwezi uliopita akiomba nimweleze maana na matumizi ya kitenzi kimoja cha Kiingereza, "must", kwa kuwa ndugu yake ameajiriwa na Waingereza kule Mombasa na kila barua anayopewa kuisoma ina neno hilo mara nne au tano. Nilifurahi kuliko ninavyopenda kukiri. Wasomaji wa safu hii mnanijua: nikiulizwa jambo la lugha, huacha chakula kipoe. Nilichonga kalamu, nikajaza kurasa tatu za mifano, nikaeleza tofauti ya lazima na sharti na hapana budi, na kila nilipomaliza mstari niliusoma kwa sauti ili niusikie mwenyewe. Wino wa ukurasa wa tatu ulikuwa haujakauka alipofika mama anayeniletea maziwa kutoka juu mlimani. Akaweka kibuyu chini, akasema bila kukaa kwamba mtu wa mfereji amefariki, kifua kilimbana siku tano, na wameshamzika juzi. Nikamwuliza mtu wa mfereji yupi, ingawa nilijua, maana ni mmoja tu. Alipoondoka, zile kurasa tatu nikazitumia kuwashia moto wa chai. Jibu la msomaji wa Tanga ni hili hapa, na namwomba radhi kwamba ni refu na lina matope.

Kwanza nieleze mimi nilikuwa nani, maana bila hilo kisa hiki hakina mjinga wake. Nilipanda huku Meru kutoka pwani na msafara wa wapagazi, nikiwa na kanzu tatu, kofia nyekundu, mwavuli, na Kiingereza nilichofundishwa Unguja na mishonari mmoja aliyetumaini kunibatiza. Yeye hakupata alichotaka, mimi nikapata Kiingereza. Katika nchi hii ya Wajerumani mali hiyo haikuwa na soko. Bomani Arusha walitaka Kijerumani au Kiswahili, nami nilianza kujiona nimebeba mzigo wa bure. Kisha wakaja Makaburu kutoka kusini, na mmoja wao akapewa ardhi upande wa Tengeru ajaribu kahawa. Kiswahili hakujua hata cha kuombea maji, ila Kiingereza alikijua baada ya lugha ya kwao. Akanichukua niwe karani na mkalimani wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelelewa na neno lile kama wengine tulivyolelewa na uji. Watu must waje, ng'ombe must wanyweshwe, mvua must inyeshe. Alilisema kwa sauti ya kawaida, akiwa anatazama pembeni. Mimi ndiye niliyelipandisha sauti. Yeye akitoa moja, mimi nilitoa tatu: lazima, sharti, hapana budi, na mwavuli ukiwa umenyooshwa mbele. Nilipenda kuona kwamba kitenzi chenyewe hakibadiliki, ukisema mimi au wewe au wao kinabaki vilevile, hakimwinamii mtu. Nikajiona na mimi ni wa aina hiyo.

Mfereji wenyewe ulianzia mtoni kule juu, kwenye banio la mawe na magogo ya migomba lililozuia mto na kuyageuza maji, ukapita katika migomba ya Wameru nyumba baada ya nyumba, ukafika kwetu mwisho kabisa, kwenye kitalu cha kahawa. Mtu aliyeuangalia alikuwa mfupi, mguu wa kulia umepinda tangu alipoangukiwa na gogo ujanani, shuka lake limefungwa begani na jembe juu ya shuka. Hakuwa jumbe, hakuwa na barua ya mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kuufuata mfereji kila siku, kwenda na kurudi, akiziba hapa na kuchimbua pale. Mimi nilimhesabu miongoni mwa watembezi. Wala msidhani namtengenezea sifa kwa sababu amekufa: alikuwa mgomvi, hakusemezana na ndugu yake wa tumbo moja kwa miaka kwa ajili ya mbuzi mmoja, na ugoro wake hakumpa mtu hata wa kunusa harufu. Mwavuli wangu ulimchekesha kila alipouona, jua au mvua, na hakujificha kucheka.

Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake na ujumbe, kwamba majani ya kingo za mfereji yafyekwe, nilifika nikausoma ujumbe wote nimesimama, bila salamu. Akaniuliza kama nimeamka salama. Nikarudia ujumbe. Akauliza mama yangu yuko wapi. Nikasema Pangani, na kwamba lazima majani yafyekwe. Akauliza kama mama anajua niko huku, kama ana mtu wa kumchotea maji, kama migomba inakubali kule. Nilirudi nikamwambia bwana kwamba msimamizi wa mfereji ni kiziwi. Majani yalifyekwa kesho yake, nami nikachukua sifa.

Sasa naja kwenye aibu yenyewe. Ilikuwa miezi ya kiangazi, mto umepungua na banio limechoka, linavujisha maji pembeni. Bwana alikuwa amekwenda Kikwe kutazama maksai, akalala huko siku kadhaa. Asubuhi moja nikachota maji ya kunawa, nikayakuta yana rangi ya chai ya maziwa. Hilo ningelivumilia, lakini kanzu yangu bora nilikuwa nimeiloweka mferejini tangu alfajiri, kwa kuwa siku ile nilikusudia kwenda Arusha kupeleka barua bomani na kuonekana na watu. Niliitoa majini imekuwa ya kahawia kuanzia shingo hadi pindo. Nikavaa nyingine, nikachukua mwavuli, nikapanda kuufuata mfereji nikiwa nimefura. Njiani niliwapita wanaume wawili na wanawake watatu wanapanda pia, kila mmoja na jembe lake, wananisalimu. Sikujiuliza wanakwenda wapi. Nilichowaza ni kanzu tu.

Nilimkuta banioni peke yake, maji yamemfika magotini, anang'oa mawe na kulisukuma tope mferejini kwa mguu wake mzima. Nilipoona anafanya makusudi, damu ilinichemka. Nikamwambia kwamba bwana anasema lazima maji haya yaache kuchafuliwa, sharti yaache, tena sasa hivi. Akasimama na jiwe mkononi.

"Bwana anasema, au wewe?"

"Bwana," nikasema. Bwana alikuwa Kikwe anahesabu meno ya maksai.

Aliyatazama maji, akanitazama mimi, akauliza kama mama yangu hajambo. Nikasema hajambo. "Basi yataacha," akasema, akaliweka jiwe kando, akatoka, akanawa miguu taratibu, akaenda zake. Nilipokuwa nashuka maji yalikuwa yanatakata mbele ya macho yangu, na wale wenye majembe niliowapita walikuwa wamesimama ukingoni wanayatazama, kisha wakageuka wakarudi makwao. Mimi nilishuka naimba. Niliamini nimeona kwa macho yangu nguvu ya kitenzi kile, kwamba nimekitamka juu ya maji na maji yametii.

Maji safi nilinawa siku mbili. Siku ya tatu yalikuwa uzi tu katikati ya mfereji, na siku ya nne mfereji ulikuwa mkavu, vyura wanahama. Miche ya kitalu ilianza kulala. Ndiyo iliyokuwa tumaini lote la bwana wangu. Mbegu zake alizibeba mwenyewe safari nzima, na alikuwa amesema mbele yangu kwamba hii ikifa anafunga mizigo. Mama wa maziwa alikuja asubuhi hiyo na kibuyu kisichofika nusu, kwa kuwa sasa walikuwa wanashuka bondeni mtoni kuchota, wao na ng'ombe wao, na maharage yake yamenyauka. Nikaanza kuwalaumu watu wa juu kwa uvivu. Akanisikiliza hadi mwisho, maana ana adabu, kisha akanieleza kwa upole jambo ambalo kila mtoto wa mfereji ule alilijua ila karani.

Yule mtu hakupita nyumba kwa nyumba kuwaita watu kazini. Hakupiga pembe, hakutuma mtu. Banio likichoka, aliingia majini peke yake mapema asubuhi, akaanza. Tope likashuka. Kila mwanamke aliyechovya kata yake aliona rangi ya maji, akasema nyumbani kwamba kazi imeanza juu, na mwenye nguvu akachukua jembe. "Hatutumwi, Karani," akasema. "Ukiona maji, umeona." Siku niliyopanda na mwavuli, yeye alikuwa ameanza kulifumua banio ili lijengwe upya, nilipomtoa majini liliachwa wazi, na mto ukapita ulikotaka. Nikamwuliza mbona basi hawakwenda kulimaliza wenyewe. Akasema watu wanaogopa, kwa sababu nilisema ni neno la bwana, na wote wanajua neno la bwana likikataliwa linaishia wapi: bomani, kwenye kiboko.

Ningekuwa mtu wa maana ningeondoka pale pale. Lakini saa sita bwana akarudi, akaenda moja kwa moja kitaluni, akapiga magoti katikati ya miche. Akaniuliza kumetokea nini. Wasomaji, nimekwisha kuwaandikia mengi ya kujisifu, na hili pia liandikwe: nilimwambia kwamba watu wa juu wamekataa kazi. Nililisema haraka, kwa Kiingereza kizuri. Akauliza kiongozi wao ni nani, nikamtaja. Akasema kesho asubuhi atakwenda Arusha kumshitaki bomani, na kwamba mtu yule must aadhibiwe. Hakuwa na haja ya kupandisha sauti. Neno lile nililolitupa huku na huku kwa raha safari hii lilikuwa juu ya mgongo wa mtu, na aliyeliweka pale ni mimi, kwa ajili ya kanzu. Chakula cha jioni kilinishinda. Niliona haya, na niliogopa, na haya ilikuwa ndogo kuliko hofu, hata hilo nalikiri.

Kulipopambazuka nilichukua jembe la ghalani nikapanda hadi nyumbani kwake. Mwavuli niliuacha. Nilimkuta mlangoni anafunga shuka, nikamwambia, "Shikamoo mzee." Aliipokea, akaanza maswali yake ya kawaida, na kwa mara ya kwanza niliyajibu yote: mama yangu ni mzima ila macho yamepungua, anayemchotea maji ni binti wa dada yangu, migomba ya Pangani si kama ya huku. Kumbe nilikuwa nayo majibu muda wote. Kisha nikamweleza kwamba amri ilikuwa yangu, bwana hakuwa na habari, na kwamba leo anatandika farasi aende bomani kwa uongo wangu.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Bwana wako alikuwa Kikwe, na kanzu zako unaziloweka mferejini."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alitoka majini.

Akanusa ugoro wake, bila kunikaribisha. "Ulisema lazima. Nikaona niiache ifanye kazi, tuone italeta maji."

Nikamwomba twende banioni. Tulikwenda, lakini tulipofika alisema mguu unamuuma, akakaa juu ya jiwe, akanionyesha maji kwa kidevu. Nikaingia na kanzu yangu. Maji ya Meru asubuhi yanauma mifupa. Nilichimba vibaya, nikajipiga jembe kwenye kidole gumba cha mguu, nikaanguka mara mbili, na kila nilipogeuka alikuwa ananitazama kwa makini bila kunisaidia. Tope likashuka mferejini pamoja na maji machache yaliyokuwapo. Moyo wangu wote ulishuka nalo. Sikujua kama kuna mtu atakayeitika kwa tope lililochimbwa na mtu wa pwani, tena yule aliyewakataza. Wa kwanza kutokea alikuwa mama wa maziwa na mumewe. Mume aliingia majini akanisogeza kando kwa bega. Wakaja wengine, wawili, watatu, kisha sikuhesabu tena. Walinicheka vizuri. Yule mtu wa mfereji ndipo aliposimama, mguu umepona ghafla, akaanza kuonyesha jiwe lipi likae wapi.

Mimi nilishuka mbio nimuwahi bwana kabla farasi hajaondoka. Nilimkuta bwana amekwisha kupanda, naye ananyoosha kidole kwenye maji ya kahawia yaliyokuwa yanaingia kitaluni na kuuliza uchafu huu ni nini. Nikamwambia kwamba ni watu wanafanya kazi. Kisha nikamwambia na lililobaki, nimesimama mbele ya farasi, kanzu inachuruzika: kwamba hawakukataa, niliwakataza mimi, na jana nilimdanganya. Nikatamani anichape tu tumalize. Akashuka, akafungua tandiko. Akasema kuanzia leo must nimwambie kweli. Hilo nililielewa bila mkalimani.

Miche mingi ilipona. Nami nikaanza kumtembelea yule mtu, kwanza kwa kujipendekeza, baadaye kwa sababu nilizoea. Niliendelea kuwa karani na mwenye kujua, na siku moja nilimwuliza kama katika Kimeru kuna neno kamili la lazima, nikiwa na karatasi tayari niliandike. "Lipo," akasema. "Tunalitumia kwa mbuzi." Mke wake alibatizwa kwa Waluteri, yeye akakataa miaka mingi, si kwa sababu ya Mungu, ila ya kengele, alisema hawezi kwenda mahali anapopigiwa chuma. Mwaka wake wa mwisho alianza kwenda, na ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima, kwa sababu alifika kabla kengele haijalia, akakaa mlangoni na kuitazama ikipigwa kwa ajili ya wengine.

Nchi inabadilika, na nafikiri sisi sote tunaoandika tunaibadilisha zaidi ya tunavyojua. Kila mahali sasa kuna kengele na filimbi na karatasi ya majina. Mashamba yanaongezeka, njia zinachimbwa, na kila kazi ina mtu wa kusimama kando akisema lazima, na kando yake mtu kama mimi wa kuisema mara tatu. Sisemi neno hilo halina kazi. Askari na mwalimu na daktari wanalihitaji, na mtu akizama hatuna nafasi ya kuulizana habari za mama. Ila nimeliona likikausha mfereji kwa siku nne, na nimemwona mtu mwenye mguu mbovu akikusanya mlima mzima kwa kuingia majini kwanza. Yeye hakutaka kuonekana anaamuru. Alikubali maji yachafuke, na lawama ya maji machafu aliibeba yeye.

Nirudi kwenye msiba. Mama wa maziwa alikuwa ameniambia jambo la pili siku ile, kwamba banio limechoka tena, lilichoka alipokuwa anaumwa, na hakuna aliyeanza. Siku tatu nilichota maji ya kunawa yakiwa safi, na siku tatu nilikasirika kuyaona safi. Sikudhani ningeishi kuona siku ambayo ningetazama beseni nikiomba nione tope. Nikajua kila nyumba inatazama vilevile, kila mtu anamngojea mwenzake, na yule wa kuanza yuko chini ya migomba yake. Basi usiku wa tatu nikapiga moyo konde: nitaanza mimi. Na kwa kuwa mimi ni mimi, kabla ya kulala nilikuwa nimekwisha kutunga sentensi mtakayoisoma hapa, ya unyenyekevu mwingi, kuhusu karani aliyeingia majini wa kwanza. Nilitoka kabla ya jua, nikapita kando ya mfereji bila kuona rangi ya maji kwa giza.

Nilipofika banioni kulikuwa kunapambazuka, na watu walikuwa wamejaa. Mjane wake alikuwa katikati, gauni amelifunga juu ya magoti. Pembeni yake alikuwa ndugu wa marehemu, yule wa mbuzi, ameshika jiwe kubwa kwa mikono miwili hajui aliweke wapi. Mama wa maziwa na mumewe walikuwapo, na wengine wengi, na nilipowauliza nilisikia kwamba kila mmoja alitoka kwake gizani akidhani atakuwa wa kwanza. Maji yalikuwa meusi kwa tope. Mjane akaniona nimesimama ukingoni na jembe langu safi na sentensi yangu ya bure.

"Umechelewa, Karani," akasema. "Ingia."

Nikaingia, nikalia humo humo majini, na kwa kuwa wote tulikuwa tumelowa hakuna aliyejua, au walijua wakaniacha. Msomaji wa Tanga, maana ya kitenzi ulichouliza ni lazima. Mweleze ndugu yako hivyo na hatakosea. Matumizi yake sitakufundisha, kwa sababu nilikitumia kwa miaka na sijawahi kumfikisha mtu mmoja banioni kwa neno hilo. Mwenzangu wa mfereji hakulitumia, amekufa, na asubuhi ile alitufikisha wote.